Nani Anadaiwa Miguu ya Msafiri?

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni miongoni mwa hifadhi za Tanzania ambako mgeni anaruhusiwa kushuka garini na kutembea porini kwa miguu, alimradi aongozane na askari mwenye bunduki. Kutoka Mpanda mjini hadi lango la Sitalike ni mwendo wa kilomita zisizozidi 40, na hapo zinaanza kilomita za mraba 4,471 za miombo, mbuga na mabwawa. Kiangazi, Mto Katuma unapobaki vidimbwi, viboko hujazana humo kwa mamia wakigombea tope. Wengi huja kwa ajili yao. Anayetembea, hata hivyo, hujikuta akitazama chini zaidi kuliko alivyotarajia.

Chini kuna mambo. Udongo mweusi wa mbuga hunata masika mpaka kiatu hakinyanyuki. Ukikauka hupasuka nyufa na kuhifadhi kila wayo uliopita wakati wa mvua, wa nyati, wa tembo, wa kiboko. Mashimo hayo hubaki magumu na makavu, yamefichwa na nyasi, yakisubiri kifundo cha mguu kiteguke. Kuna miiba ya migunga inayotoboa soli nyembamba bila taabu. Kuna kifutu, nyoka ambaye mara nyingi hakimbii akisikia kishindo. Hulala palepale njiani akitegemea rangi yake imfiche. Watu wengi wanaoumwa na nyoka huumwa chini ya goti, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Ushauri wa kuchagua buti kwa ardhi ya namna hiyo si mrefu. Buti hujaribiwa jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Hujaribiwa na soksi zilezile zitakazovaliwa safarini, tena hupimwa kwa mguu ulio mkubwa, maana ni wachache wenye miguu miwili iliyolingana. Mbele pabaki upana wa kidole gumba, vidole vipate kucheza. Nyuma kisigino kisipande na kushuka mtu anapopiga hatua, kwa kuwa hapo ndipo lengelenge linapozaliwa. Soli ikunjike pale vidole vinapokunjikia, isikunjike katikati ya wayo. Shingo ya buti ishike kifundo bila kukikaba. Kwa joto la Katavi, buti zito la ngozi lililoshonwa kwa ajili ya theluji ni mateso matupu. Linafaa jepesi linalopitisha hewa, la rangi ya kaki au ya udongo, kwa kuwa mbung'o huvutwa na buluu na weusi. Na buti jipya lizoeshwe mguu kwanza, nyumbani na sokoni, wiki kadhaa kabla ya safari.

Hayo muuzaji yeyote mwelewa atayasema. Lililo gumu zaidi ni hili: je, kuuhangaikia mguu kiasi hicho ni busara, au ni kuudekeza mwili kwa namna ambayo mcha Mungu angeionea haya?

Swali si la mzaha. Musa alipoukaribia mti uliowaka bila kuteketea aliamriwa avue viatu, na kisa hicho kimo katika Kitabu cha Kutoka kama kilivyomo pia katika sura ya Ta-Ha, pale kwenye bonde la Tuwa. Watawa wa Kijaini nchini India hutembea pekupeku mji hadi mji wasije wakaponda kiumbe kidogo njiani. Teresa wa Avila alipoanza kulirekebisha shirika la Wakarmeli nchini Hispania mwaka 1562, tawi lake likaja kujulikana kwa kutovaa viatu, ingawa masista wenyewe walivaa makubadhi ya kamba. Katavi nayo ina ardhi yake yenye heshima. Wenyeji husimulia habari za Katabi, roho ya mwindaji iliyoipa hifadhi jina, inayokaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakiweka sadaka chini ya mti huo kuomba baraka zake.

Anayeishia kwenye mti unaowaka, hata hivyo, hajamaliza habari za Musa. Kumbukumbu la Torati linaeleza jinsi alivyowakumbusha Waisraeli rehema walizoonyeshwa jangwani, na pamoja na mana anahesabu mbili ambazo msomaji wa haraka huziruka: kwa miaka 40 viatu vyao havikuchakaa, wala miguu yao haikuvimba. Mungu aliyemwambia mtu mmoja avue viatu kwa muda mfupi aliosimama mahali patakatifu ndiye huyohuyo aliyetunza viatu vya taifa zima kwa muda wote lilipokuwa njiani. Amri ya kuvua ilimkuta Musa akiwa amefika. Waliokuwa bado wanakwenda walipewa kitu kingine.

Wanazuoni wa Kiislamu waliliingia jambo hili kwa undani ambao fundi viatu angeufurahia. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad alihimiza kuvaa viatu kwa hoja kwamba mwenye viatu yu katika hali ya aliyepanda mnyama. Fadhala bin Ubayd, sahaba aliyekuwa na madaraka Misri, naye alisimulia kwamba Mtume aliwaamuru watembee pekupeku mara mojamoja. Mapokezi hayo hayagombani, kwani la kwanza linamfikiria mtu mwenye safari na la pili linamfikiria mtu anayeanza kunogewa na anasa.

Kisha kuna ruhusa ya kupangusa maji juu ya khufu, yaani kiatu cha ngozi kinachofunika mguu, badala ya kukivua na kuosha mguu wakati wa kutia udhu. Mkazi anapewa ruhusa hiyo kwa mchana na usiku mmoja. Msafiri anapewa siku tatu na usiku wake. Lakini si kila kiatu kinafaa. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, waliweka masharti: kivaliwe mtu akiwa na udhu kamili, kiwe tohara, kifunike mguu pamoja na vifundo, na kiwe imara kiasi cha kuweza kutembelewa mfululizo katika mahitaji ya safari. Karne nyingi kabla ya maduka ya vifaa vya milimani, watu waliokuwa wakijadili usahihi wa sala walijikuta wakieleza sifa za buti zuri. Walifanya hivyo kwa sababu sheria ilikuwa imekubali kumpunguzia msafiri mzigo, na ili imsaidie ilibidi ijue miguu yake inapitia nini.

Kwa hiyo dhana kwamba mguu mtupu siku zote ni mnyenyekevu kuliko wenye kiatu haisimami. Plato anasimulia katika maandishi yake ya karamu ya Athene kwamba Sokrate, akiwa askari kwenye kampeni ya Potidaea, alitembea pekupeku juu ya barafu kwa urahisi kuliko wenzake waliovaa viatu. Wale askari hawakumsifu. Walimtazama kwa jicho la chuki wakidhani anawadharau. Na Abebe Bikila, ambaye hutajwa kila mara mguu mtupu unaposifiwa, alikimbia marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu baada ya kukosa vilivyomkaa sawasawa. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Miaka minne baadaye, huko Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Roma ilionyesha tu kwamba kiatu kibaya ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Mahali ambapo swali hili linapata uzito wake wote ni katika Injili, kwa sababu Injili hazikubaliani. Marko anaandika kwamba Yesu alipowatuma wale Thenashara wawiliwawili aliwaruhusu fimbo na viatu. Mathayo anaandika kwamba viatu navyo vilikatazwa, na Luka anaandika vivyo hivyo kuhusu wale 70 waliotumwa baadaye. Wafasiri wamejitahidi kuwapatanisha. Baadhi wamesema kilichokatazwa ni jozi ya akiba. Ila katika Mathayo katazo hilo halikuachwa peke yake. Lina sababu, na sababu ni kwamba anayefanya kazi ana haki ya kutunzwa na wale anaowafanyia; Luka naye analitaja wazo hilohilo pale hao 70 wanapoelekezwa jinsi ya kukaa katika nyumba za watu. Mjumbe haendi mikono mitupu kwa kuwa mwili wake hauna thamani. Anakwenda hivyo kwa kuwa mbele yake kuna nyumba inayotakiwa kumpokea.

Ukisoma hivyo, Marko na Mathayo wanatofautiana juu ya nani analipa. Kwa Marko, anayetuma anahakikisha aliyetumwa anatoka na viatu. Kwa Mathayo, gharama inahamia kwa anayepokea. Hakuna kati yao anayesema kwamba miguu ya mjumbe ni shauri lake mwenyewe.

Hapo ndipo uchaguzi wa buti unapoacha kuwa suala la starehe ya mtu binafsi. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kiatu kinachobana ni adhabu ya aina hiyo: jirani haioni. Mwenye lengelenge hutembea na wenzake, hutazama tembo yuleyule, husikiliza maelezo yaleyale, lakini akili yake yote imehamia kwenye sehemu ya kisigino isiyozidi sarafu. Hana nafasi ya kumwonea huruma mwingine, wala ya kusali, wala ya kuona kifutu. Raha ya mguu, kwa kiasi chake, ndiyo inayomrudishia mtu uwezo wa kuangalia kitu kingine zaidi ya nafsi yake. Na kwa kuwa maumivu hayo hayaonekani kwa nje, anayeongoza msafara hawezi kungoja kuambiwa. Anapaswa kuuliza.

Katavi ina ushahidi wa kihistoria wa jambo hili. Mwishoni mwa Desemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley waliondoka Ujiji, wakashuka kusini kwa mitumbwi katika Ziwa Tanganyika, kisha wakaliacha ziwa na kukata mashariki kupitia nchi iliyoitwa Ukawendi, ambayo sehemu yake leo imo ndani ya Mkoa wa Katavi, wakielekea Unyanyembe karibu na Tabora. Stanley ameandika jinsi miguu ya Livingstone ilivyokuwa ikivuja damu katika mwendo huo. Viatu vilikuwa vimekwisha, na mzee alikuwa amevichanja kwa kisu huku na huku ili vipunguze kubana malengelenge. Stanley anaongeza kwamba hakuna hata mmoja katika msafara ambaye angevipokea kama zawadi, hata angetamani vipi kuvaa kama Mzungu.

Livingstone alijua gharama ya miguu kuliko wengi. Mwaka 1870, huko Kabambare katika nchi ya Manyema, vidonda vya miguu vilimfungia ndani ya kibanda siku 80. Kipindi hicho cha Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Mtu angeweza kusema basi kwamba vidonda vilimpa nafasi ya ibada. Lakini mmisionari huyo alikuwa ametumwa kutembea, na wale waliombebea mizigo, waliokuwa wakikanyaga njia ileile bila kiatu chochote, hawakupewa siku 80 wala mwandishi wa kuandika habari za visigino vyao.

Tena ardhi waliyoikanyaga ilikuwa karibu kubadilika. Mwaka 1872, mwaka uleule ambao msafara huo ulifika Unyanyembe, funza waliingia Angola kwa meli iliyotoka upande wa pili wa Atlantiki. Katika miaka ya 1890 walikuwa wameshafika Afrika Mashariki, wakisafirishwa na misafara yenyewe kupitia njia zake. Mguu mtupu uliokuwa salama kwa babu haukuwa salama kwa mjukuu. Safura nayo haihitaji hata kidonda. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya wayo unaokanyaga udongo wenye kinyesi. Anayemsifia mkulima wa leo kwa kutembea pekupeku kama wazee wake anasifia ardhi ambayo haipo tena.

Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika katika mkoa huohuo, inatoa mfano wa upande mwingine. Adrien Atiman, mtoto wa nchi ambayo sasa ni Mali, aliuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, kisha akapelekwa Malta kusomea utabibu kabla ya kutumwa. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista, akaishi na kutibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Mengi yanaweza kuulizwa kuhusu misheni za zama zile. Kwa hili moja, waliomtuma walimtayarisha kwanza.

Hoja iyo hiyo imejitokeza mbali na dini. Mwaka 1935 kundi la wapanda milima lilinaswa na hali mbaya ya hewa katika Alpi za Italia, na sita wakafa. Viatu vyao visivyofaa baridi na barafu vilihesabiwa kati ya sababu. Vitale Bramani, aliyekuwa pamoja nao, hakutosheka na maombolezo. Kufikia mwaka 1937 alikuwa ametengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa, inayoshika mwamba na theluji, ambayo leo imeigwa katika mabuti ya dunia nzima. Moshi nako, tangu mwaka 2003, Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro huwaazima wapagazi nguo za baridi na mabuti bila malipo. Ulihitajika kwa sababu wageni walipanda mlima wakiwa wamevaa vizuri, nyuma ya watu waliobeba mahema yao wakiwa na raba zilizochanika.

Shantideva, mtawa wa Kibudha wa India wa karne ya 8, aliwahi kujenga hoja maarufu juu ya kiatu: hakuna ngozi ya kutosha kuifunika dunia yote, lakini ngozi ya kufunika wayo mmoja inatosha kumfanya mtu aone kana kwamba dunia yote imefunikwa. Alikuwa akizungumzia kuitawala nafsi badala ya kutaka ulimwengu ubadilike. Ni hoja nzuri kwa mwenye ngozi. Haisemi lolote kuhusu asiye nayo.

Na wanaotembea zaidi Katavi si watalii. Ni warina asali wa Inyonga wanaoingia misituni kwa siku kadhaa, wakulima wa mpunga wa Mpimbwe, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wafugaji wa Kisukuma walio nyuma ya ng'ombe wao. Wengi wao wamevaa katambuga, zile ndala za matairi ya gari. Katambuga si za kudharauliwa. Mwiba wa mgunga hauzitoboi, hudumu miaka, na fundi huzikata mbele ya mnunuzi kwa kufuata mguu wake mwenyewe, upendeleo ambao mnunuzi wa buti la dukani haupati. Zinachokosa ni kinga juu ya wayo: kifundo kiko wazi, na maji ya jaruba yanaingia kama yanavyotaka. Mwenye uwezo kidogo huchukua gambuti, ambazo huzuia maji na meno ya nyoka wengi lakini huuchemsha mguu ndani, hazishiki kifundo, na kisigino huogelea humo mchana kutwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Hiyo ni njia ya Marko: anayetuma analipa. Lakini kijana anayechunga ng'ombe wa mjomba wake hana mkataba, na mrina asali hajaajiriwa na mtu. Kwao inabaki njia ya Mathayo, inayomwangukia anayepokea: mnunuzi wa Mpanda mjini anayevutana bei ya lita ya asali, kampuni inayoifunga kwenye chupa, mlaji wa Dar es Salaam anayeisifia kuwa ni ya msitu wa asili. Katika bei wanayokubaliana, jozi ya buti imo au haimo, na hilo linaweza kukokotolewa na yeyote anayejua mrina hupata lita ngapi kwa msimu.

Mjomba naye hajasamehewa. Kwa kawaida gambuti za kijana hununuliwa siku ya mnada, mwenyewe hayupo, kwa namba ya kukisia, na huchaguliwa kubwa ili akue nazo. Ni hizo zinazopanda na kushuka kisiginoni mpaka ngozi inachubuka. Boksi la kadibodi na mkaa vinatosha kuepuka hilo. Kijana asimamishwe juu ya boksi jioni akishatoka machungani, miguu yote miwili ichorwe, michoro ikatwe na kuongezwa upana wa kidole gumba kwa mbele, na mjomba aende nayo mnadani akaitumbukize ndani ya buti kabla ya kuuliza bei.